Ulikosa Ndege ya Kwenda? Hata ya Kurudi Imeenda Nayo

Siku hizi ni ngumu kupata ploti Kawangware yenye haina mtu anangoja ndege. Kuna buda anaenda kuwa soja Doha, kuna dada wa Saudia, halafu kuna mbogi ya Gatina imechanga doh ikule wikendi Mombasa. Wote wanajua bei ya tiketi hadi shilingi ya mwisho. Ukiwauliza ni tiketi ya aina gani, kimya. Na hapo ndio ngori huanzia.

Ukipanda 46 asubuhi kuenda tao, na jioni urudi na mat ingine, hizo ni safari mbili tofauti. Konda wa jioni hana haja na venye ulifika. Ndege haiko hivo. Tiketi ya kwenda na kurudi, ile tunaita return, ni mkataba mmoja wenye vipande, na hivyo vipande vinatumika kwa mpangilio. Cha kwanza, halafu cha pili. Ukiruka cha kwanza bila kuwaambia, kompyuta inaandika haukutokea, na mashirika mengi yanafuta kila kitu kimebaki mbele.

Tuseme umekata return ya Mombasa, kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Ijumaa jam inakushika Waiyaki Way, ndege inaenda. Unasema si noma, unapanda basi ya usiku, unafika Mombasa, unakula bata. Jumapili unatokea kwa kaunta na kitambulisho, unaambiwa jina halionekani. Umelipia hiyo kiti, lakini imekufa tangu Ijumaa. Dawa ni kupiga simu kabla ndege ya kwanza ipae: waambie hautafika na unataka kubakisha ya kurudi. Wengine watakuongezea malipo, wengine watakataa, lakini hiyo ni afadhali kuliko kunyamaza.

Kuruka kipande cha mwisho ni story ingine, juu hakuna chenye kimebaki cha kufutwa. Ndio maana kuna watu hununua return na hawarudi nayo. Kwa safari za mbali unaeza pata ya kwenda tu ni bei ghali kuliko ya kwenda na kurudi, kitu inashangaza mtu yeyote mwenye alisoma hesabu. Mashirika makubwa huona mwenye ananunua ya kwenda tu kama mtu wa biashara ama wa haraka, mwenye atalipa tu. Mashirika ya bei ya chini kama Jambojet, yenye ilianza 2014 chini ya Kenya Airways, kawaida huuza kila upande na bei yake, so return inakuwa tu upande mmoja ukijumlisha na mwingine. Hapo kwa bei ya chini angalia mzigo. Nauli inaeza kuwa tamu lakini haina begi ya kuingia chini ya ndege, na begi ikilipiwa kwa kaunta inauma.

Pia kuna tiketi yenye unaeza badilisha tarehe na ile hauezi. Ile rahisi kabisa kawaida ndio ngumu kubadilisha. Ukiambiwa tarehe ya kurudi iko wazi, usidhani ni ya milele. Tiketi nyingi za kimataifa zinaisha nguvu baada ya mwaka 1.

Sasa weka huo mwaka mmoja kando ya mkataba wa Saudia. Kazi ya nyumbani huko kawaida ni mkataba wa miaka 2. Return yenye umekatiwa leo itakuwa imekufa kabla umalize. Kwa hivyo dada akipewa tiketi ya kwenda tu na viza ya kazi, hiyo peke yake si utapeli. Tiketi yake ya kurudi haiko kwa begi, iko kwa mkataba: mwajiri ndiye anafaa kuilipa akimaliza. Hicho kipengele ndio cha kusoma mara tatu kabla ya kusaini. Kinasema nini ukiwa mgonjwa? Kinasema nini kazi ikivunjika mwezi wa tano? Ajenti akikuambia "hayo tutaongea ukifika", hapo anza kushuku. Na kabla hata ya kufika huko, hakikisha ajenti amesajiliwa na National Employment Authority.

Geuza sasa. Ukiona umepewa return na viza ya kutembea, na unaambiwa unaenda kazi Dubai, hiyo return ni ya kukupitisha tu. Mwenye viza ya kutembea anaeza kuulizwa tiketi ya kurudi, na mara nyingi mwenye anauliza si polisi, ni yule dem wa kaunta ya kucheki JKIA. Si eti ana roho mbaya. Ukikataliwa kule, shirika lenye lilikupeleka ndio lina jukumu la kukurudisha, na nchi nyingi hulipiga faini juu yake. Ajenti anajua hayo yote. Anakukatia return, unapita, halafu nyuma yako anaifuta arudishiwe chapaa, ama haikuwa imelipiwa kabisa. Viza inaisha, uko Dubai bila kazi halali na bila ndege.

Hiyo ya kutolipiwa unaeza igundua ukiwa hapa tu. Buking ina kodi ya herufi na namba 6. Hiyo peke yake ni kushikiwa kiti, na kiti kinaeza kushikwa bila mtu kutoa hata soo. Tiketi yenyewe ina namba 13. Tatu za kwanza ni za shirika: Kenya Airways ni 706, Emirates 176, Qatar Airways 157, Ethiopian 071. Ukiona kodi ya herufi 6 bila hizo namba 13, uliza. Usikubali skrinshoti. Ingia kwa tovuti ya shirika lenyewe, weka kodi na jina lako la mwisho, uone safari zote mbili ziko. Cheki tena asubuhi ya safari, juu kitu inaeza futwa usiku. Jina nalo lifanane na pasipoti. Jina la mtaani halipandi ndege, na tiketi ya mtu hauezi mpea cousin.

Kitu ya mwisho, saa. Tiketi haijui saa zetu. Ikiandika 01:00 tarehe 14, hiyo ni saa saba usiku, lakini si usiku wa kuamkia 15. Ni ule wa kuamkia 14. Kwa hivyo unatoka Kawangware tarehe 13 jioni, mapema, maana ndege ya kimataifa wanataka ufike kama saa 3 kabla. Mwenye anatoka tarehe 14 jioni na suti na mathe wa kumsindikiza ako nyuma karibu siku nzima, na kama ilikuwa return, sasa unajua nini kimefanyika kwa ile ya kurudi.