Istilahi za Ufundi: Kuukarabati Msumeno wa Mnyororo kwa Silinda Kubwa Zaidi

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazotendwa kwa Kiswahili kila siku lakini zikaandikwa kwa nadra ni ukarabati wa msumeno wa mnyororo. Mashine hii hutumika katika mashamba ya miti, kama vile yale ya Sao Hill huko Mufindi, na katika uvunaji wa miti ya watu binafsi. Mafundi wake huelekezana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, ilhali kijitabu cha maelekezo mara nyingi huwa kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Mtafsiri, mwalimu wa chuo cha ufundi au afisa anayeandaa waraka wa ununuzi wa vipuri hujikuta kati ya lugha hizo mbili, na mara nyingi hana kamusi ya kumwongoza.

Makala hii inaichukua kazi moja tu: kuukarabati msumeno mkuukuu kwa kuufungia silinda yenye kipenyo kikubwa zaidi ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Kazi hiyo imechaguliwa kwa sababu ndani yake yamo maneno machache ambayo yakitumiwa ovyo huharibu injini nzima. Mapendekezo yaliyomo humu ni ya mwandishi, na yanaletwa mbele ya wasomaji ili yajadiliwe.

Kuhusu jina la mashine yenyewe, watu wengi husema cheinso, na wengine, hasa Kenya, husema pawaso. Hapa tutatumia msumeno wa mnyororo, kwa kuwa jina hilo linaeleweka hata kwa asiyewahi kuiona mashine hiyo.

2. Kazi yenyewe kwa ufupi

Tuchukue mfano unaofahamika kwa mafundi wengi duniani, yaani msumeno wa Husqvarna 365 wa matoleo ya awali. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 48, na pistoni husafiri milimita 36 kutoka chini hadi juu. Msumeno wa Husqvarna 372 una umbali huohuo wa milimita 36, lakini kipenyo cha silinda yake ni milimita 50. Kwa kuwa kasha la chini la mashine hizo mbili limejengwa kwa mpango mmoja, fundi aweza kuiondoa silinda ya 365 iliyochakaa na kufunga mahali pake silinda na pistoni ya 372.

Mwenye kuandika waraka wa ununuzi azingatie kwamba matoleo ya baadaye ya 365 yametoka kiwandani yakiwa na silinda ya milimita 50. Kwa hiyo namba ya jina haitoshi. Hapana budi kipimo nacho kiandikwe.

3. Ukubwa upi?

Neno la kwanza linalohitaji kuangaliwa ni ukubwa. Fundi akisema “silinda kubwa”, aweza kuwa anakusudia kimojawapo cha vitu vitatu: upana wa tundu la silinda, urefu wa safari ya pistoni, au nafasi ambayo pistoni huipitia katika safari hiyo. Katika mazungumzo ya karakana jambo hili halileti taabu, kwa kuwa silinda ipo mezani na kila mtu anaiona. Katika maandishi taabu yake ni kubwa.

Kwa upana tunapendekeza kipenyo cha silinda, na ieleweke kuwa ni kipenyo cha ndani. Kwa safari ya pistoni wengine husema mwendo. Neno hilo si baya, lakini katika injini mwendo pia ni kasi, na “kuongeza mwendo” kutaeleweka kuwa ni kukaza mzunguko. Afadhali tuseme mpigo kwa safari moja ya pistoni, na urefu wa mpigo kwa umbali wake. Istilahi hiyo inaafikiana na injini ya mipigo miwili, jina ambalo limekwisha kuzoeleka. Mtafsiri ajihadhari na kamusi za jumla, maana neno la Kiingereza la mpigo ndilo pia jina la maradhi ya kiharusi.

Kipimo cha tatu tukiite ujazo wa silinda, nacho hupimwa kwa sentimita za ujazo. Katika karakana hutajwa kwa kifupi kama “sisi”: injini ya sisi 70, injini ya sisi 125. Katika maandishi rasmi yafaa kuandika sentimita za ujazo kwa ukamilifu, kwani neno sisi lina kazi nyingine katika lugha yetu.

Mwalimu aweza kuonyesha uhusiano wa vipimo hivyo vitatu kwa hesabu nyepesi. Kipenyo kizidishwe kwa kipenyo, kisha kwa urefu wa mpigo, kisha kwa 0.7854. Kwa silinda ya milimita 48 jibu ni sentimita za ujazo 65.1, kwa ile ya milimita 50 jibu ni 70.7. Kipenyo kimeongezeka kwa asilimia 4.2 tu, bali ujazo umeongezeka kwa asilimia 8.5, kwa sababu kipenyo kinaingia katika hesabu mara mbili. Anayeandika kwamba “silinda imeongezwa kwa asilimia 4” bila kutaja kilichoongezwa hajampa msomaji habari yoyote ya kutegemewa.

4. Kubadili si kupanua

Tofauti kati ya maneno haya mawili ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Katika injini nyingi za magari, silinda iliyolika huweza kupelekwa kwa mkerezaji ikachongwa ndani hadi ikawa pana zaidi, kisha ikafungwa pistoni kubwa inayolingana nayo. Tendo hilo ni kupanua silinda. Fundi wa magari analijua vizuri.

Silinda ya msumeno wa mnyororo wa kisasa si ya namna hiyo. Hutengenezwa kwa alumini, na uso wake wa ndani hupakwa tabaka jembamba la madini magumu, aghalabu nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, au kromu. Tabaka hilo ndilo linalostahimili msuguano wa pistoni na ringi. Mkerezaji akilichonga, ataliondoa na kuifikia alumini laini, na injini haitadumu. Kwa hiyo fundi wa msumeno hapanui silinda, bali huiondoa na kufunga nyingine yenye kipenyo kikubwa zaidi. Tendo hilo ni kubadili silinda.

Mtafsiri anayeandika “panua silinda hadi milimita 50” anampeleka mwanafunzi kwenye mashine ya kukereza, na silinda iliyokuwa ikifaa inaharibika. Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari, wala hakuna tahajia iliyokosewa. Kosa limo katika kitenzi.

Hapo hapo yafaa tupambanue vitenzi vingine vinavyochanganywa. Kutengeneza ni neno pana mno. Kufumua injini ni kuifungua kipande kwa kipande. Kukarabati ni kuifumua, kubadili vilivyochakaa na kuifunga tena ifanye kazi. “Kujenga upya” ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo fundi wa Kiswahili haihitaji; nyumba hujengwa, injini hukarabatiwa.

5. Mafuta na mchanganyiko

Neno mafuta lina baraka nyingi katika Kiswahili, lakini kwa msumeno wa mnyororo ni hatari. Mashine hii hutumia vitu vitatu ambavyo vyote huitwa mafuta: petroli ya kuwaka, oili ya kulainisha sehemu za ndani ya injini, na oili ya mnyororo, ambayo huwa na tangi lake. Injini ya mipigo miwili haina hodhi la oili kama ya gari. Oili yake huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa tangini. Kwa kiwango cha sehemu 50 kwa 1, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili. Maelekezo yanayosema “jaza mafuta” yanaweza kutiiwa na mtu aliyejaza petroli tupu, na pistoni ikakwama katika silinda mpya baada ya muda mfupi tu. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya mashine hii neno mafuta lisitumiwe peke yake. Yaandikwe: petroli, oili ya injini ya mipigo miwili, na oili ya mnyororo.

Neno mchanganyiko nalo lina utata unaofanana na huo. Upo mchanganyiko wa petroli na oili, unaofanywa na mtu kwa mkono, na upo mchanganyiko wa petroli na hewa, unaofanywa na kabureta. Silinda ikiwa kubwa zaidi hufyonza hewa nyingi zaidi, na kabureta hapana budi irekebishwe ili petroli ilingane na hewa hiyo. Petroli ikipungua injini hupata joto kupita kiasi, na pistoni huweza kuyeyuka au kukwama. Sasa, fundi akiambiwa kwamba “mchanganyiko ni hafifu”, aweza kudhani oili imepungua, akaongeza oili katika tangi. Matokeo yake ni kinyume cha alichokusudia, kwa kuwa oili iliyoongezwa imechukua nafasi ya petroli, na petroli inayofika kwenye silinda imepungua zaidi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mchanganyiko wa tangi kwa ule wa kwanza na mchanganyiko wa kabureta kwa ule wa pili. Huu wa pili ukiwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa uitwe mchanganyiko haba, na ukiwa na petroli nyingi uitwe mchanganyiko tele.

6. Majina ya sehemu

Injini ya msumeno wa mnyororo haina vali kama zile za gari. Gesi huingia na kutoka kwa matundu yaliyo katika ukuta wa silinda, ambayo pistoni huyafunika na kuyafunua inapopanda na kushuka. Kwa Kiingereza tundu hilo huitwa kwa neno lilelile la bandari, na mtafsiri asiyeiona mashine aweza kupotoka. Neno mlango linafaa zaidi, kwani hufunguliwa na kufungwa: mlango wa kuingizia, mlango wa kuhamishia na mlango wa kutolea.

Pistoni, silinda, kabureta, plagi, gasketi na beringi yamekwisha kuota mizizi, na hakuna faida ya kuyang’oa. Ringi nayo ibaki. Pete ni neno zuri la Kiswahili, lakini hakuna duka la vipuri litakalokuuzia pete za pistoni bila kukuuliza maswali. Kwa upande mwingine, fitokombo limekwisha kuingia kamusini, na faida yake ni kuonyesha umbo la kitu chenyewe. Lifundishwe vyuoni sambamba na krenki, ambalo ndilo fundi atakalolisikia karakanani.

Liko jambo moja ambalo bado halina jina thabiti. Pistoni ikifika juu kabisa, hubaki nafasi ndogo kati yake na paa la silinda. Unapobadili silinda nafasi hiyo hubadilika, na lazima ipimwe. Fundi huingiza waya laini wa kulehemu kupitia tundu la plagi hadi ukingoni mwa silinda, huzungusha fitokombo mpaka pistoni ipite kileleni, kisha hupima unene wa waya uliobanwa. Mafundi wengi hawapendi upungue chini ya milimita 0.5. Nafasi ikiwa finyu mno pistoni itagonga paa. Ikiwa kubwa mno mgandamizo utapungua. Tunapendekeza iitwe nafasi ya kilele.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Kipenyo cha silinda: upana wa ndani wa silinda kutoka ukuta hadi ukuta.
Mpigo: safari moja ya pistoni kutoka mwisho mmoja hadi wa pili.
Urefu wa mpigo: umbali wa safari hiyo.
Ujazo wa silinda: nafasi inayopitiwa na pistoni katika mpigo mmoja.
Kubadili silinda: kuondoa silinda na kufunga nyingine.
Kupanua silinda: kuchonga silinda ileile ili kipenyo chake kiongezeke.
Mlango: tundu la ukuta wa silinda linalopitisha gesi.
Mchanganyiko wa tangi: petroli pamoja na oili.
Mchanganyiko wa kabureta: petroli pamoja na hewa, huwa haba au tele.
Nafasi ya kilele: uwazi kati ya pistoni iliyofika juu na paa la silinda.

8. Hitimisho

Kanuni inayofahamika ya uundaji istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha jirani za Kiafrika, ndipo kukopa kutoka mbali. Kanuni hiyo ni njema, lakini mfano huu unaonyesha kwamba asili ya neno si jambo pekee la kupimwa. Mafuta na kupanua ni maneno yetu wenyewe, na ndiyo yanayoweza kuharibu injini. Ringi na gasketi yametoka nje, na hayajamdhuru mtu. Kipimo cha mwisho ni kama msomaji atatenda kile ambacho mwandishi alikusudia atende.

Kwa hiyo mtafsiri wa maandishi ya ufundi aende karakanani kabla ya kukamilisha kazi yake, amsomee fundi maelekezo aliyoyatafsiri, kisha amwombe aeleze angefanya nini. Fundi akitaja tendo lisilokusudiwa, neno hilo libadilishwe, hata kama kamusi imelikubali. Walimu na watafsiri wenye istilahi bora kuliko hizi wanakaribishwa kuzileta, hasa waliosikia nafasi ya kilele ikiitwa kwa jina jingine katika karakana za mikoani kwao.