Mzigo usiokaguliwa mpakani: Homa ya pwani na wafanyabiashara wa Kinama

KINAMA, BUJUMBURA – Basi la kutoka Dar es Salaam linapoingia Bujumbura, marobota hushushwa na kuhesabiwa, na mwenye mali hutafuta usafiri wa kumfikisha Kinama kabla giza halijaingia. Ushuru umeshalipwa Kobero, risiti ziko mfukoni, na vitenge kadhaa vina wateja tayari. Siku ya pili au ya tatu, robota la mwisho halijafunguliwa, mwili unaanza kuwaka. Kichwa kinagonga, macho yanauma kwa nyuma, viungo vinakataa kunyooka.

Hapo mtaa mzima una jibu moja: malaria.

Jibu hilo halikutoka hewani. Mwaka 2016 Burundi, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 11, iliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya milioni 8, maana yake wengine waliugua zaidi ya mara moja. Machi 2017 Wizara ya Afya ikautangaza ugonjwa huo kuwa janga. Mwaka 2019 hali ilirudi, na hadi mwezi Julai hesabu ilikuwa imepita milioni 5. Kinama nayo iko kaskazini mwa jiji, kwenye tambarare ya Imbo, ambako joto halipungui sana na maji ya mvua hayana haraka ya kuondoka. Wakazi wa kaskazini mwa Bujumbura hawajasahau usiku wa Februari 2014, maji yaliposhuka kutoka milimani na kuua watu zaidi ya 50 katika mitaa yao. Ukitoka hapo kuelekea Gatumba, mto Rusizi na Ziwa Tanganyika vimewahamisha watu mara kadhaa tangu mwaka 2020. Penye maji yaliyotuama pana mbu, na penye mbu pana malaria. Hata mtoto wa Kinama anajua hivyo.

Kwa hiyo mfanyabiashara aliyeamka na homa hutuma mtu duka la dawa. Ananunua vidonge vya malaria bila kupima, na kwa sababu viungo vinamsumbua na kesho ni siku ya soko, anaongeza dawa kali ya maumivu: diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Anameza, anajikaza, anarudi kibandani.

Mazoea hayo yaliwafaa kiasi watu waliokuwa wakifanya biashara Bujumbura tu. Lakini biashara imebadilika. Soko kuu la Bujumbura liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na wauzaji wakatawanyika kwenda masoko ya mitaani, Kinama likiwamo. Leo hata mwenye mtaji mdogo huungana na wenzake, wakachanga fedha, akatumwa mmoja Kariakoo. Anakaa kule siku tano au wiki, analala gesti, anazunguka madukani tangu asubuhi. Anarudi na mali. Na pwani, pamoja na mali, ina homa zake ambazo si malaria.

Si homa ngeni

Dar es Salaam ilipata mlipuko mkubwa wa homa ya dengue mwaka 2014. Mwaka 2019 ukaja mwingine, na wagonjwa waliothibitishwa Tanzania wakapita 6,000, walio wengi katika jiji hilohilo. Kenya iliandika mlipuko wake wa kwanza mwaka 1982, Malindi na Kilifi, miji ambayo watalii huijua kwa fukwe zake, na baadaye Mombasa ikapigwa zaidi ya mara moja.

Wazee wa Zanzibar waliijua homa ya namna hii kwa jina la kidinga popo. James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu mlipuko wa mwaka 1870 na akataja mwingine wa mwaka 1823. Wataalamu wa lugha wengi wanadhani neno dengue lenyewe limetokana na jina hilo la Kiswahili. Lugha yetu imeipa dunia maneno mazuri kuliko hili, lakini ndiyo hivyo. Homa ya mwaka 1870 haikubaki Unguja: ilifuata majahazi ya biashara hadi Aden, kisha India. Baadhi ya wachunguzi wa leo wanaamini kwamba ile ilikuwa chikungunya, ndugu wa karibu wa dengue kwa dalili, ambayo nayo jina lake ni la kwetu. Ni neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, na lilishika baada ya ugonjwa huo kutambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Aliyewahi kuugua haulizi kwa nini uliitwa hivyo. Maungo ya mikono na miguu yanaweza kuuma kwa miezi.

Jinsi homa hizi zinavyosafiri ilionekana wazi Lamu. Mwaka 2004, katikati ya ukame, watu wa Lamu waliweka maji ndani ya nyumba, na chikungunya ikaenea katika vyombo hivyo. Uchunguzi uliofuata ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka huohuo ikafika Mombasa, mwaka 2005 ikafika Komoro, kisha kisiwa cha Réunion kilicho chini ya Ufaransa. Huko, hadi mwaka 2006, kama theluthi moja ya wakazi walikuwa wameugua, na watalii wakakikimbia kisiwa. Mbu hakuvuka bahari ile peke yake. Mtu aliyekuwa na kirusi damuni alipanda chombo, akashuka, akaumwa na mbu wa huko.

Mbu wa mchana

Malaria huletwa na anofelesi, mbu wa usiku anayezaliana hasa kwenye madimbwi, vinamasi na majaruba ya mpunga. Dengue na chikungunya huletwa na aedesi, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea jioni, saa ambazo mfanyabiashara yuko Kariakoo akichagua mali au akifunga mizigo. Chandarua alichokibeba kutoka nyumbani kinamkinga dhidi ya yule wa usiku tu. Wa mchana anahitaji mikono mirefu, soksi na dawa ya kupaka, vitu ambavyo katika joto la Dar es Salaam havimvutii mtu yeyote.

Aedesi hapendi dimbwi la matope. Hutaga kwenye maji safi yaliyosimama ndani ya vitu vya watu: pipa lisilofunikwa, ndoo, kopo, sahani ya chungu cha maua pale gesti, tairi lililotupwa. Wala hahitaji bahari. Yuko katika sehemu kubwa ya Afrika, na ni huyohuyo anayeweza kueneza homa ya manjano mijini. Cheti kile cha chanjo ambacho wafanyabiashara hukihifadhi pamoja na hati zao za kusafiria kinahusu ugonjwa mmoja wa mbu huyu. Kwa dengue hakuna cheti cha kuonyesha.

Kidonge kinachodhuru

Wengi wanaopata dengue hupona baada ya wiki moja hivi kwa kupumzika na kunywa maji mengi. Haina dawa ya kuua kirusi. Hatari iko kwa wachache ambao mishipa yao huanza kuvujisha maji na damu, na hapo ndipo vile vidonge vya maumivu vinapogeuka sumu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza uwezekano wa kutoka damu. Dawa ya homa inayoshauriwa ni parasetamoli, kwa kipimo chake.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni muda. Dalili mbaya mara nyingi hutokea homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mgonjwa anadhani amepona, anarudi sokoni, kumbe ndio wakati wa kuangaliwa. Tumbo likiuma sana, akitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, akilegea au kuhangaika, haifai kungoja kesho. Na aliyewahi kuugua dengue asijione ana kinga. Kirusi kina aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kuwa kukali zaidi.

Haya yote hayampi mtu ruhusa ya kuidharau malaria. Bado ndiyo inayoua zaidi Burundi, na huua haraka, kwa hiyo kipimo chake ndicho cha kwanza. Kitone cha damu kidoleni, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Kikionyesha malaria, dozi imalizwe yote. Kisipoonyesha, kurudi dukani kununua vidonge vilevile ni kutupa fedha. Hapo mgonjwa amwambie mhudumu wa kituo cha afya jambo ambalo mara nyingi haulizwi: alikuwa wapi, na amerudi lini. Mhudumu asiyejua kwamba mgonjwa ametoka Kariakoo juzi hana sababu ya kufikiria dengue.

Kipimajoto hakioni

Mpakani Kobero, mali hufunguliwa na hati hukaguliwa. Kumpima joto msafiri, zoezi lililozoeleka wakati wa korona, kuna faida yake, lakini dengue huchukua kwa kawaida siku 4 hadi 10 tangu mtu aumwe na mbu hadi homa ianze. Aliyeumwa Jumatatu Kariakoo anaweza kuvuka Ijumaa akiwa mzima kabisa. Homa inaanzia Kinama, na kwa siku zile za kwanza za homa kirusi kimejaa damuni. Aedesi wa mtaani akimuuma mgonjwa huyo, baada ya wiki moja au mbili anaweza kumwambukiza jirani ambaye hajawahi kupanda basi la Dar es Salaam.

Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara tisa zinazotembea, Burundi ikapata moja. Ni hatua nzuri. Lakini gari la maabara haliwezi kuziba pengo la kituo cha afya ambacho kina kipimo cha malaria peke yake, wakati watu wanaotibiwa hapo wanasafiri nchi tatu kwa mwezi. Bidhaa zimewekewa utaratibu wa pamoja wa forodha. Taarifa za milipuko ya homa zingestahili kumfikia mwenye robota mapema kama zinavyomfikia habari za kupanda kwa ushuru.

Wanaouza matairi yaliyotumika wana lao. Mayai ya aedesi hustahimili ukavu kwa miezi, na ndani ya tairi husafiri vizuri kuliko abiria. Jamaa yake, mbu wa Asia mwenye milia, aliingia Houston, Marekani, katika miaka ya 1980 kwa njia hiyohiyo, ndani ya matairi yaliyotoka ng'ambo. Tairi linalokaa chini ya paa, likiwa kavu, halina shida. Lile linalowekwa nje ya gereji hadi mvua ya Septemba ndilo linalozalisha.

Nyumbani ni mapipa. Bomba linapokauka kwa siku kadhaa, kila nyumba ya Kinama huweka maji, na hakuna atakayemshauri mtu asiweke. Pipa linahitaji kifuniko kinachobana. Na kumwaga maji ya zamani hakutoshi, kwa sababu mayai hayakai majini. Yamegandamana ukutani mwa pipa, juu kidogo ya usawa wa maji, yakingoja lijazwe tena. Yanaondoka kwa kusuguliwa na brashi, mara moja kwa wiki, kabla maji mapya hayajatiwa.