Chuo kilichoizika timu yake

DOHA – Mgeni anayefika Education City, eneo la vyuo vikuu pembezoni mwa mji huu, hukuta uwanja wa soka uliotumika katika Kombe la Dunia la 2022 umesimama jirani na madarasa. Humo pia limo tawi la Texas A&M, chuo cha Marekani kilichokuja mwaka 2003 kufundisha uhandisi. Kwao Texas, chuo hicho kina sifa kubwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi, na uwanja wake wa Kyle Field unachukua watu zaidi ya 100,000. Lakini Februari 2024 bodi yake huko Texas ilipiga kura kulifunga tawi la Doha ifikapo 2028.

Habari hiyo inawahusu wazazi wetu, walio huku Ghuba na walioko nyumbani, ambao wana vijana wenye mbio au misuli na wanatamani wapate udhamini wa masomo Marekani kwa njia ya michezo. Kinachofunguliwa na bodi hufungwa na bodi. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Chuo hicho kilipoanza masomo mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa amekwisha kumwajiri kocha Amos Alonzo Stagg, kwani alijua timu inayoshinda hutangaza jina la chuo. Hesabu yake ilitimia. Mwaka 1905 Chicago iliifunga Michigan 2-0, timu iliyokuwa imecheza michezo 56 bila kushindwa. Kwa jumla Chicago ilitwaa ubingwa wa ligi yake mara saba.

Kisha upepo ukageuka. Vyuo shindani viliwasajili wachezaji katika kozi nyepesi za elimu ya viungo. Chicago haikuwa na kozi ya namna hiyo, na mitihani yake haikumjali mtu kwa sababu ya mabega yake. Rais mpya, Robert Maynard Hutchins, aliyeshika uongozi mwaka 1929, aliona wazi kwamba mchezo huo umegeuka biashara ya viingilio. Stagg aliondolewa baada ya msimu wa 1932, akiwa na umri wa miaka 70. Mwaka 1939 Michigan ile ile iliifunga Chicago 85-0. Desemba mwaka huo bodi iliifuta timu.

Uwanja ukabaki mtupu. Chini ya majukwaa yake, tarehe 2 Desemba 1942, wanasayansi waliokuwa na Enrico Fermi waliendesha tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Leo mahali hapo pana maktaba kubwa ya chuo, iliyofunguliwa mwaka 1970. Timu ilirudi mwaka 1969, lakini katika daraja lisilotoa udhamini wa michezo.

Na wachezaji je? Jay Berwanger wa Chicago ndiye aliyepewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1935, tuzo inayoitwa leo Heisman. Mwaka uliofuata alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu za kulipwa. Hakuafikiana na Chicago Bears juu ya mshahara, akaenda kufanya kazi ya uuzaji, na baadaye akafungua kiwanda chake mwenyewe. Timu yake ilikufa. Shahada yake haikufa.

Basi, ndugu msomaji, wakala akija na barua ya udhamini, usitazame ukubwa wa uwanja peke yake. Uliza: goti likivunjika, ada italipwa na nani? Timu ikifutwa, kijana ataendelea na masomo? Na je, anasomea kitu gani? Majibu yawe kwa maandishi, na yasomwe kabla ya kukata tiketi ya ndege.