Wachangiaji wa Kipekee katika Utafiti wa Kiswahili cha Katanga

Katika utafiti unaowashirikisha raia wanaojitolea, aghalabu wengi huchangia kidogo na wachache huchangia mno. Makala hii inakusudia kueleza namna ya kuwatia moyo hao wachache, kwa mifano miwili ya Katanga.

Wa kwanza ni André Yav. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilitoa maandishi yake ya Kiswahili yanayosimulia historia ya mji huo. Johannes Fabian alipoyachapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, jina la Yav liliwekwa katika anwani ya kitabu.

Wa pili ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyejihesabu kuwa mwanahistoria. Mnamo 1973 na 1974, Fabian, wakati huo mwalimu wa chuo kikuu Lubumbashi, alizinunua picha zake, akamhimiza aichore historia yote ya nchi, kisha akamrekodi akizieleza kwa Kiswahili. Zilipatikana picha zaidi ya 100. Hata hivyo, kitabu kilitoka mwaka 1996, ilhali habari za mchoraji zilikuwa zimekatika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna aliyeweza kumkabidhi nakala.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, mchangiaji hodari hukua kwa kuulizwa maswali mahususi na kusikilizwa. Pili, jina lake liandikwe, akiridhia, kama mwandishi. Asifichwe nyuma ya neno “mtoa habari”. Tatu, kazi irudishwe kwake mapema, hata ikiwa kurasa chache tu, ili aisahihishe na kuiendeleza.

Suala hili linatuhusu sisi wa Kolwezi. Wachimbaji wa mikono wana istilahi zao za mawe, mashimo na zana. Shaba yenyewe huitwa *mukuba*. Shimo likifungwa na watu wakitawanyika, maneno nayo hutawanyika. Mwanafunzi anayekwenda kuyakusanya asitafute watu mia wa kujaza hojaji pekee. Amtafute pia yule mmoja ambaye, baada ya maswali kwisha, bado ana la kusema. Amwachie daftari, na arudi kulisoma pamoja naye.