Nauli ya Tiketi Siyo Gharama ya Safari: Namna ya Kupanga Safari za Treni na Ndege Ulaya kwa Bei Nafuu

Parokia nyingi za Afrika Mashariki huandaa hija za kwenda Roma, Assisi, Lourdes na Fatima. Pia wapo mapadre, watawa na mafrateri kutoka kwetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya kipapa mjini Roma. Baadhi ya mapadre hao hutumia likizo ya kiangazi, kati ya Julai na Septemba, kusaidia huduma katika parokia za Ujerumani na Austria. Wote hao wakishafika Ulaya hukutana na swali moja: nitafikaje mji wa pili bila kumaliza fedha njiani? Mara nyingi fedha hizo ni akiba ya miaka mingi, au ni mchango wa waamini, jumuiya na ndugu. Zinastahili kutumiwa kwa uangalifu.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata. Msingi wake ni mmoja: nauli unayoiona kwenye simu siyo gharama ya safari. Gharama ya kweli huanzia mlango unaotokea na kuishia mlango unaofikia.

1. Anza na viza kabla ya tiketi

Nchi 29 za Ulaya zimo katika eneo la Schengen. Mwenye viza ya muda mfupi anaweza kukaa humo hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, kwa kadiri viza yake inavyoruhusu, na anaweza kutoka Italia kwenda Ufaransa, Ureno au Ujerumani bila viza nyingine. Lakini siyo Ulaya yote iliyo Schengen. Uingereza haimo, na Ireland haimo.

Hapa ndipo vikundi vingi vya hija vinapaswa kuwa macho. Viza huandikwa idadi ya kuingia: mara moja, mara mbili au mara nyingi. Ukipewa ya kuingia mara moja, ukatoka Roma kwenda Nchi Takatifu, huwezi kuingia tena Roma kwa viza hiyo hiyo. Wanaokwenda Medjugorje wako katika hali hiyo hiyo. Mahujaji wengi hushukia Split au Dubrovnik nchini Kroatia, kisha hupanda basi. Kroatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, lakini Medjugorje iko Bosnia na Herzegovina, ambayo ni nje ya Schengen. Ukivuka mpaka ule umetoka. Kwa hiyo ratiba nzima ya hija ijulikane kabla ya kujaza fomu ya viza, na ombi liseme wazi mtaingia mara ngapi.

Kwa wanafunzi wa Roma, kumbuka kwamba risiti ya kuomba kibali cha ukaazi siyo kibali chenyewe. Usikate tiketi ya kwenda nchi nyingine kwa kutegemea risiti hiyo peke yake. Na popote uendapo, beba pasi halisi ya kusafiria. Hata ndani ya Schengen, polisi huingia katika treni na mabasi kukagua hati, na nakala ya picha haitoshi.

2. Elewa jinsi bei zinavyopangwa

Ndege na treni za kasi hutumia mtindo mmoja. Viti hugawanywa katika mafungu ya bei. Fungu la bei ya chini huuzwa kwanza, na likiisha linafuata la juu yake. Ndiyo maana watu wawili waliokaa safu moja wanaweza kuwa wamelipa nauli tofauti kabisa. Anayekata mapema hupata fungu la chini, na anayekata siku ya safari huangukia la juu. Treni za kasi za Italia, yaani Frecciarossa za kampuni ya Trenitalia na zile za mshindani wake Italo, huuzwa hivyo. TGV za Ufaransa na ICE za Ujerumani pia.

Treni za mikoa ni tofauti. Nchini Italia huitwa Regionale, na nauli yake haibadiliki: utalipa kiasi kile kile ukikata mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla. Hakuna haja ya kuwahi wala ya kuhifadhi kiti. Ila tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri katika mashine ndogo za stesheni kabla ya kupanda, na ile ya simu lazima ithibitishwe kwenye programu kabla ya safari. Asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama amelipa nauli.

Siku nayo ina bei yake. Kwa kawaida Jumanne na Jumatano huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumapili. Katikati ya Agosti Waitaliano wengi wako likizo, na tarehe 15 ni sikukuu ya taifa pamoja na Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Treni hujaa. Fatima hujaa tarehe 13 Mei na 13 Oktoba, na Lourdes hujaa tarehe 11 Februari na 15 Agosti. Kikundi kinachotaka kuwapo siku hizo kikate tiketi na vyumba miezi kadhaa mbele. Kisichofungwa na tarehe kisogeze safari wiki moja, na tofauti itaonekana.

3. Piga hesabu ya mlango hadi mlango

Mashirika kama Ryanair, Wizz Air na easyJet hutangaza nauli ndogo sana. Nauli hiyo huwa ni ya mtu na begi dogo linaloingia chini ya kiti. Sanduku hulipiwa, na kuchagua kiti hulipiwa. Ukifika na begi lililozidi kipimo, faini ya mlangoni inaweza kuzidi nauli yenyewe.

Tuchukue mfano wa kukadiria, kutoka Roma kwenda Paris. Tuseme nauli ni yuro 25. Sanduku, tuseme 35. Treni ya kawaida kutoka mjini hadi kiwanja cha Fiumicino, 8. Ndege inatua Beauvais, na basi la kuingia Paris ni kama 17. Jumla ni yuro 85. Shirika jingine linaweza kutoza 70 pamoja na sanduku na kutua karibu zaidi na mji. Aliyetazama nauli tu angechagua la kwanza na kupoteza fedha pamoja na saa kadhaa. Waswahili husema rahisi ni ghali.

Hata njia ya kwenda kiwanjani inafaa kuchaguliwa. Kutoka stesheni ya Termini, treni ya Leonardo Express hufika Fiumicino kwa dakika 32 na nauli yake ni yuro 14. Treni ya mkoa inayopita Tiburtina, Ostiense na Trastevere hutoza yuro 8. Kwa kikundi cha watu 30, tofauti hiyo ni yuro 180.

4. Jihadhari na majina

Jina la mji kwenye tiketi halimaanishi kwamba utashukia mjini. Beauvais huuzwa kwa jina la Paris, lakini iko zaidi ya kilomita 80 kutoka mji huo. Kiwanja cha Hahn hutumia jina la Frankfurt, nacho kiko kama kilomita 120 kutoka huko. Bergamo huitwa Milano, na ni karibu kilomita 50.

Treni nazo zina mitego hiyo. Stesheni iitwayo Fatima iko kama kilomita 20 kutoka patakatifu pa Bikira Maria. Anayetoka Lisbon ni afadhali apande basi katika kituo cha Sete Rios, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi atashuka karibu na patakatifu. Stesheni ya Assisi iko bondeni, Santa Maria degli Angeli, kilomita chache chini ya mji wa kale, na basi ndilo linalopanda huko. Hilo si hasara, kwani basilika yenye kikanisa cha Porziuncola iko umbali wa kutembea kutoka stesheni. Anzia hapo, kisha panda juu kwa Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Klara.

5. Treni au ndege?

Kwa safari ya treni isiyozidi saa nne au tano, mara nyingi treni hushinda. Roma hadi Firenze ni saa moja na nusu, na hadi Milano ni kama saa tatu, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji. Hakuna kufika saa mbili kabla, wala kupima sanduku. Na kwa anayetoka Lourdes kuna jambo dogo lenye uzito: katika viwanja vingi vya ndege, chupa inayozidi mililita 100 hairuhusiwi katika begi la mkononi. Maji ya Lourdes yatabaki kwa mkaguzi, isipokuwa yawe ndani ya sanduku lililolipiwa. Kwenye treni hakuna sheria hiyo.

Kutoka Roma kwenda Lourdes ni mbali, hivyo ndege inafaa kwa sehemu ya kwanza. Ukitua Toulouse, treni ya kwenda Lourdes huchukua kama saa mbili. Ukitua Paris, itabidi uvuke mji hadi stesheni ya Montparnasse, kisha TGV ya karibu saa tano.

Kwa wanaokwenda Austria au kusini mwa Ujerumani ipo treni ya usiku, Nightjet, itokayo Roma kwenda Vienna na Munich. Nauli yake ilinganishwe na ndege pamoja na gharama ya kulala usiku mmoja. Na padre atakayekaa Ujerumani mwezi mzima aulizie Deutschlandticket, tiketi ya mwezi kwa treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima, isipokuwa treni za kasi. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, na Januari 2025 ikawa 58. Inauzwa kwa mkataba wa kila mwezi, kwa hiyo mkataba usitishwe mapema, la sivyo benki itaendelea kukatwa.

6. Siku ya safari, na mambo yakiharibika

Ratiba za Ulaya huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: 18:00 ni saa 12 jioni, na 06:00 ni saa 12 asubuhi. Andika saa zote mbili kwenye ratiba ya kikundi. Mashirika kadhaa ya bei nafuu huwataka abiria wasio raia wa Umoja wa Ulaya wapite kaunta kukaguliwa hati kabla ya kwenda kupekuliwa, hata kama tiketi iko kwenye simu. Wahi.

Migomo ya treni Italia hutangazwa kabla. Siku za kazi, treni za mikoa zilizoorodheshwa hulindwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku.

Sheria inamlinda abiria bila kutazama uraia. Ndege ikitoka Umoja wa Ulaya na kukufikisha kwa kuchelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inakupa yuro 250 kwa safari ya hadi kilomita 1,500, yuro 400 kwa safari za kati, na hadi 600 kwa safari ndefu. Treni ikichelewa saa moja, unaweza kudai robo ya nauli, na ikichelewa saa mbili, nusu. Tunza tiketi. Lakini ukikata tiketi mbili za kampuni tofauti, na ya kwanza ikakuchelewesha, ya pili kwa kawaida haikudai wala hukuidai. Acha nafasi ya saa kadhaa kati yake.

Kabla ya kulipa, kiongozi wa kikundi aandike kwenye karatasi moja viza, nauli, mizigo, usafiri wa kwenda na kutoka kiwanjani, na malazi, kisha awasomee wote jumla. Kila aliyechanga ataona fedha yake inakwenda wapi.