Kuandaa Ukuta wa Mawe Kabla ya Lipu Mpya

Ukuta wa nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama ule wa Lamu, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo, mchanga na chokaa. Unene wake mara nyingi hufika nusu mita na kupita. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu. Hunyonya maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa polepole kwa hewa. Lipu ya chokaa, yenye vitundu vile vile, huuacha ukuta upumue. Saruji haifanyi hivyo. Hugeuka gamba gumu, maji yakanaswa nyuma yake, chumvi ikajikusanya, na baada ya misimu kadhaa ya mvua gamba likabanduka pamoja na uso wa jiwe.

Kwa hiyo kazi huanzia paani. Bati lililotoboka, mfereji ulioziba, bomba linalovuja ndani ya ukuta, au uchochoro uliopandishwa kwa zege juu ya zege mpaka ukapita kimo cha sakafu ya ndani: hivyo ndivyo vyanzo vya maji, na visipozibwa, gharama zote zinazofuata ni za bure. Hatua hii hurukwa kuliko zote, kwa kuwa mwenye nyumba huliona doa la ukutani lakini tundu la paani halioni.

Maji yakishazuiwa, fundi hupita ukutani akigonga kwa mpini wa nyundo. Lipu iliyoshika hutoa mlio mzito. Iliyoachana na jiwe hulia kama mtungi mtupu. Hiyo ndiyo hubanduliwa, na lipu kongwe iliyo nzima huachwa, kwani imekwisha kuthibitisha ubora wake. Saruji ya zamani hutolewa kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia zege ina kasi, lakini hutikisa mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa tu, yakalegea. Miche ya mitini iliyoota kwenye nyufa nayo huondolewa. Mzizi mnene hauvutwi kwa nguvu, maana pengine ndio uliobaki kushikilia mawe. Hukatwa kipande kipande, na sehemu hiyo ikajengwa upya.

Ukuta uliovuliwa huanza kutoa unga mweupe, mfano wa chunyu mwilini mwa mtu aliyetoka kuogelea baharini. Ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu unaokauka. Haioshwi, kwa kuwa maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Huondolewa kwa brashi kavu, ikazolewa na kutupwa mbali, na zoezi hilo hurudiwa kila inapochomoza. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka, hivyo kubandua mara baada ya masika, kabla vuli haijafika, ni uamuzi wa busara.

Halafu viungo vya mawe hukwanguliwa kiasi cha sentimita 2, na mashimo huzibwa kwa vipande vidogo vya mawe na chokaa, tabaka baada ya tabaka. Mchanga wa pwani haufai kuchanganywa na chokaa hiyo kwa sababu ya chumvi yake.

Siku ya kupiga lipu, ukuta husafishwa vumbi na kurowanishwa hadi uwe na unyevu bila kuchuruzika. Jiwe kavu hufyonza maji ya lipu, nayo ikapasuka kabla ya kushika. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, na tabaka la kwanza halipiti sana sentimita 1. Chokaa huwa ngumu kwa kufyonza hewa ya kaboni dayoksaidi, na hufanya hivyo taratibu, kwa hiyo magunia mabichi hutundikwa kuikinga na jua.

Mwenye nyumba anayepatana na fundi aziingize siku za kukausha ukuta kwenye mapatano, na azilipie kama anavyolipia siku za mwiko.