Mkia wa Kiluwiluwi Huenda Wapi?

Chura, katika lugha yetu, amepewa sifa moja tu, nayo ni kelele. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji: methali hii tumeirithi kwa wazee na kuitumia kila uchao, lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuketi wakamtazama chura mwenyewe? Leo, msomaji mpenzi, nataka tumtazame. Watoto wetu wanasomeshwa habari zake shuleni, na nina hofu kuwa wengi wao huondoka na picha bila ya kitu chenyewe.

Masika moja mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, alinijia na daftari lake. Alikuwa amechora duara lenye mishale: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura mzima, kisha mayai tena. Mwalimu alimpa alama zote. Nikamwuliza, "Na mkia wake huenda wapi?" Akajibu bila ya kusita, "Hukatika, babu, kama wa mjusi."

Nikamshika mkono mpaka nyuma ya nyumba, penye shimo walilolichimba waashi, nalo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Tukamkuta jirani yetu, mama mwenye watoto wadogo, kashika chupa ya mafuta ya taa. "Niwie radhi, ami," akasema, "lakini viluwiluwi hawa siwaachi. Mwanangu ametoka hospitali juzi tu kwa malaria."

Alikuwa na haki ya kuogopa.

NENO MOJA, VIUMBE WAWILI

Neno letu hili, kiluwiluwi, hubeba viumbe wawili: mtoto wa mbu na mtoto wa chura. Nikawaomba wote wawili, mama na mtoto, wainame watazame vyema. Juu ya maji palikuwa na wadudu wembamba kama vipande vya uzi, wakivuta pumzi pale pale usoni pa maji. Kivuli chetu kilipowapitia, wakajipindapinda na kushuka chini. Hao ni wa mbu. Huko chini, juu ya matope, walikuwako weusi wenye kichwa cha mviringo na mkia bapa, wakiparuza ukoga kwa vinywa vyao. Hao ni wa chura, nao hawana malaria wala homa yoyote ya mbu.

"Kumbe!" akasema yule mama, akaiweka chupa chini. Tukawachota wa chura kwa kata. Sita tukawatia katika beseni, na waliosalia tukawapeleka ziwani kondeni. Kisha shimo tukalifukia kwa mchanga. Mama akapata amani yake, na mjukuu wangu akapata somo lake.

SOMO LA BESENI

Somo lenyewe halina gharama. Maji yawe ya mvua au ya ziwani. Ya mfereji yana dawa, hayana budi kuachwa wazi siku nzima kwanza. Beseni liwekwe kivulini, na ndani mwake jiwe lililochomoza juu ya maji. Chakula ni majani machache ya mchicha yaliyochemshwa. Juu yake pafunikwe kipande cha chandarua ili mbu asije akataga. Maana mbu humaliza safari yake, tangu yai mpaka kuruka, kwa wiki moja au mbili tu, hali chura huhitaji wiki nyingi, na wengine miezi. Na mtoto anawe mikono kila amalizapo.

Miguu ya nyuma ilitokea kwanza, ya mbele ikafuata. Ndipo mjukuu wangu alipoona jambo ambalo duara lake halikumwonyesha: mkia haukukatika. Ulipungua siku hata siku, ukinyonywa na mwili. Siku hizo kiluwiluwi hali kitu, kwa kuwa kinywa chake kinageuka, na utumbo wake mrefu wa mla ukoga unafupika uwe wa mla wadudu. Mkia ndio akiba yake. Matamvua nayo hutoweka, mapafu yakashika kazi. Asiyepata jiwe la kupandia wakati huo aweza kufa maji katika maji yale yale yaliyomlea.

Kujua kwa kutazama si jambo geni kwetu. Wazee wa Lamu walitia visamaki katika birika za majumba na misikiti ili wale viluwiluwi wa mbu. Nasi tuliokaa chuoni twaijua hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, ya tabibu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akamkataza kumwua.

Kwa hivyo walipokamilika tuliwarudisha ziwani, hakupotea hata mmoja. Usiku ule mjukuu wangu alifungua daftari, akabana picha ya tano kati ya ile ya tatu na ya nne: chura juu ya jiwe, na kipande cha mkia bado nyuma yake.

Enyi walimu na wazazi, masika yakija tena, msiwape watoto duara peke yake. Wapeni na beseni. Na kabla ya kumwaga maji yenye viluwiluwi, inameni kwanza mtazame ni wa nani.